Mbeya inakua, nafasi inashuka: hesabu za soko la redio zinavyochanganya watu

Chukua orodha ya mikoa ya Tanzania kwa idadi ya watu, sensa ya 2012. Juu kabisa Dar, 4,364,541. Wa pili Mwanza, 2,772,509. Wa tatu nani? Mbeya, 2,707,410, yaani imeachwa na Mwanza kwa watu elfu sitini na tano hivi tu. Sasa vuta orodha ya 2022. Dar 5,383,728, Mwanza 3,699,872, wa tatu Tabora, halafu Morogoro, Dodoma, Kagera, Geita, unashuka, unashuka tena, Mbeya unaikuta nje ya kumi bora na watu wake 2,343,754. Miaka kumi, watu zaidi ya laki tatu na nusu hawapo kwenye karatasi.

Hapo ndo mtu wa ejensi ya matangazo kule Dar, ambaye hajawahi kushuka stendi ya Nane Nane wala hajui Kabwe na Mwanjelwa zimeachana kwa kiasi gani, anafungua laptopu yake anasema aah, kumbe Mbeya soko limeshuka, tupunguze spoti za kule, yaani yale matangazo mafupi ya redio, tuzipeleke Tabora. Na ukikaa Mbeya unamshangaa, maana kila ukigeuka unaona msingi unachimbwa, bajaji zimejaa mpaka hazina pa kupaki, bei ya kiwanja Isyesye ukiitaja mtu anacheka. Mji unakua kwa macho, karatasi inasema umeanguka. Nani mwongo?

Hakuna mwongo, kuna mpaka. Mwaka 2016 mkoa wa Mbeya uligawanywa, Vwawa, Tunduma, Ileje na Momba zikaenda mkoa mpya wa Songwe. Ukitaka kulinganisha sawa kwa sawa inabidi uichukue Mbeya ya 2012 uitoe Songwe kwanza, unabaki na 1,708,548, ndipo uiweke mbele ya 2,343,754 ya 2022. Hapo unaona ongezeko la kama asilimia 37. Au fanya kinyume, chukua Mbeya na Songwe za 2022 uzijumlishe, unapata 3,688,441, na kwa hesabu hiyo ule mkoa wa zamani ungekuwa bado wa tatu, unapumulia kisogo cha Mwanza kama zamani. Watu ni walewale, milima ileile, mchele wa Mbarali uleule. Kilichohama ni mstari kwenye ramani.

Iringa ilishapitia haya mapema. Sensa ya 2002 mkoa ulikuwa na watu kama milioni moja na nusu, wa 2012 ukaja na 941,238, kisa Njombe imejitenga. Mtu akisoma hizo namba mbili bila kujua habari ya Njombe anaweza kudhani kulitokea balaa kule.

Sasa kwa nini hii inahusu redio? Kwa sababu redio haiuzi vipindi jamani, redio inauza watu. Mwenye kampuni ya mbolea hanunui sauti ya mtangazaji, ananunua masikio ya wakulima wa viazi wa Mbeya vijijini, na swali lake la kwanza ni moja tu, wako wangapi. Jibu la swali hilo ndo linaitwa ukubwa wa soko, na masoko yakipangwa kutoka kubwa kwenda dogo ndo unapata nafasi.

Wenzetu Marekani wamelifanya jambo hili kuwa mfumo kamili, kwa hiyo ni vizuri kuangalia kwao ili tuelewe la kwetu. Kule kuna kampuni ya Nielsen, ambayo mwaka 2013 iliinunua Arbitron, kampuni iliyokuwa inapima redio tangu zamani sana. Nielsen wanaigawa nchi kwenye masoko ya redio, kila soko ni mkusanyiko wa wilaya zinazouzunguka mji fulani, halafu wanahesabu watu wa miaka 12 na kuendelea waliomo humo. Namba hiyo ndo inapanga foleni. New York wa kwanza, Los Angeles wa pili, Chicago wa tatu, inaendelea hivyo mpaka miji midogo ya mia mbili na kitu huko. Angalia vizuri hapo: nafasi ya soko haitokani na watu wangapi wanasikiliza redio, inatokana na watu wangapi wanaishi ndani ya mstari. Hata mji mzima ukizima redio kesho asubuhi, nafasi yake haitikisiki.

Wanaosikiliza wanapimwa kwa njia nyingine kabisa. Kwenye masoko makubwa, hamsini kasoro hivi, watu waliochaguliwa wanatembea na kifaa kidogo kinachonasa alama iliyofichwa ndani ya sauti ya redio, sikio la mtu haliisikii ila kifaa kinaijua. Kwenye masoko madogo wanatumia daftari, mtu anaandika wiki nzima alisikiliza nini na saa ngapi, kuanzia Alhamisi. Kwa hiyo kuna mambo mawili ambayo watu wengi wanayachanganya, ukubwa wa soko ni kitu kimoja na redio gani inaongoza ndani ya soko hilo ni kitu kingine. Ukisikia mtu anatamba redio yetu namba moja, muulize namba moja wapi. Namba moja Ludewa na namba tano Mwanza sio mtu na kaka yake hao.

Haya, na hiyo mistari inachorwaje? Hapa ndo pamejaa utamu. Soko la redio halifuati lazima mpaka wa jiji, linafuata maisha ya watu, wanafanya kazi wapi, wananunua wapi, wanasikiliza redio za wapi. Ndo maana Detroit ni mfano mzuri. Jiji lenyewe la Detroit lilikuwa na watu 1,849,568 mwaka 1950, mwaka 2020 wamebaki 639,111, yaani theluthi mbili wameyeyuka. Ungedhani soko lake la redio limekufa kabisa. Wapi! Limetoka kumi bora kweli, ila bado limo kwenye ishirini bora, kwa sababu wengi waliotoka jijini walihamia vitongoji vya jirani na vitongoji hivyo vimo ndani ya mstari wa soko. Miji kama Dallas na Houston yenyewe imepanda na kukaa kumi bora. Detroit imepigwa mara mbili, watu wake wanatoka na wenzake wanaongezeka.

Kuna hadi masoko yaliyo ndani ya masoko. San Jose ina nafasi yake kwenye orodha na wakati huohuo watu wake wanahesabiwa ndani ya San Francisco. Mtu mmoja anahesabiwa sehemu mbili na hakuna anayelalamika, kwa sababu kweli anasikiliza redio za pande zote mbili.

Sasa rudi nyumbani uitazame Mbalizi. Kiutawala Mbalizi haimo ndani ya Jiji la Mbeya, ipo halmashauri ya wilaya. Lakini nani anaishi Mbalizi akasema haishi Mbeya? Ni daladala moja tu, asubuhi watu wanaingia mjini jioni wanarudi, redio inayosikika Iyunga inasikika Mbalizi. Ukichukua namba ya jiji, 541,603 kwa sensa ya 2022, umeiacha Mbalizi nje na hesabu yako ni ndogo kuliko soko. Ukichukua namba ya mkoa umebeba na Kyela na Chunya ambako hiyo redio yako labda hata haifiki, na hesabu yako ni kubwa kuliko soko. Soko lenyewe liko katikati ya namba hizo mbili na halina jina kwenye kitabu cha sensa. Mwaka 2025 jimbo la Mbeya Mjini limegawanywa, limezaliwa jimbo la Uyole, na siku moja kuna mtu atachukua takwimu za kijimbo aseme soko la Mbeya Mjini limekatika vipande viwili, wakati mama anayeuza ndizi Uyole redio yake haijui kama kuna jimbo jipya.

Tanzania hatuna orodha rasmi ya masoko ya redio ya aina ile ya Nielsen. Tuna sensa kila miaka kumi, tuna tafiti za wasikilizaji za kampuni binafsi kama GeoPoll wanaouliza watu kupitia simu, na tuna leseni za TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ambazo zinatofautisha redio ya kitaifa, ya mkoa, ya wilaya na ya jamii. Kwa hiyo anayepanga bajeti anajitengenezea orodha yake mwenyewe kichwani, na mara nyingi inafuata mikoa kwa sababu namba za mikoa ndo rahisi kuzipata. Mimi naona hili ndo kosa kubwa kuliko yote, maana mkoa ni kitu cha utawala, haukuchorwa kwa ajili ya masafa ya FM.

Na hata ukiacha mipaka ukashika miji peke yake bado nafasi inaweza kukudanganya. Mwaka 2012 kulikuwa na miji mitatu inayokaribiana sana, Arusha 416,442, Dodoma 410,956, Mbeya 385,279. Dodoma na Mbeya walikuwa wameachana kwa watu 25,677 tu. Miaka kumi baadaye Dodoma 765,179, Arusha 617,631, Mbeya 541,603. Mbeya imeongeza zaidi ya laki moja na nusu, asilimia 40, mji mzima kama Iringa ya 2012 umeongezeka ndani ya Mbeya! Lakini kwenye hao watatu ilikuwa ya mwisho na bado ni ya mwisho, na pengo lake na Dodoma limekuwa 223,576. Serikali imehamia Dodoma, wizara zimehama na watu wao, nyumba zimejengwa, utashindanaje na hilo kwa mchele na parachichi? Ukiangalia nafasi peke yake utasema hakuna kilichobadilika kwa Mbeya, wa tatu ni wa tatu, kumbe umbali kati ya Mbeya na Dodoma umekuwa karibu mara tisa ya ule wa 2012.

Sasa linganisha na Iringa na Tunduma, huku ni kinyume chake. Manispaa ya Iringa ilikuwa na watu kama 151,000 mwaka 2012, ikaenda 202,000 na kitu mwaka 2022. Imekua kwa theluthi, sio mchezo. Ila Tunduma ambayo ilikuwa na watu kama 97,000 tu imefika kama 219,000. Imempita Iringa! Mpaka, maroli, biashara ya Zambia na Kongo, watu wanaokuja kutafuta maisha, mji umejaa ndani ya miaka kumi zaidi ya mara mbili. Iringa haijafanya kosa lolote, imekua vizuri tu, na imepitwa. Hilo watu wa Marekani wanalijua sana, kila mwaka namba mpya za Nielsen zikitoka kuna mji umeongeza maelfu ya watu na umeshuka ngazi moja kwa sababu jirani ameongeza zaidi, na mameneja wa mauzo wa redio za huko wanaanza kujieleza kwa wateja.

Ila Tunduma na Iringa ukiwaweka kwenye mzani wa redio, mimi nisingekimbilia kusema Tunduma sasa ni soko kubwa. Tunduma dereva wa roli amelala siku mbili anasubiri foleni, keshokutwa yuko Kapiri Mposhi, huyo ni msikilizaji wa nani? Afu ng'ambo ya pili kuna Nakonde na redio za Zambia zinaingia bila kugonga pasipoti. Iringa nayo ina tatizo la upande mwingine, ina Mkwawa, ina Ruaha, ina Chuo Kikuu cha Iringa, mji wa vyuo kabisa, na sensa ya 2022 ilihesabu watu walipolala usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti. Agosti! Vyuo vikuu vingi viko likizo ndefu, mwanafunzi wa Iringa kahesabiwa kwao Shinyanga au Moshi. Mbeya vilevile na MUST yake na vyuo vyake vingine. Novemba wakirudi mji unajaa vijana wenye simu na earphone, ambao ndo wale wale kampuni za simu zinawatafuta kwa matangazo ya bando, na kwenye karatasi hawapo.

Tukiwa hapohapo kwenye umri. Nielsen wanaanza kuhesabu miaka 12. Sisi ukichukua namba ya sensa unachukua wote, hadi mtoto aliyezaliwa wiki iliyopita, na Tanzania zaidi ya watu wanne katika kila kumi wana chini ya miaka 15. Ukiwatoa wadogo, soko linapungua sana, na halipungui sawa kila mahali kwa sababu vijijini watoto ni wengi zaidi kuliko mjini. Mkoa wenye watu wengi wa vijijini unaonekana mkubwa kwenye orodha ya jumla, ukihesabu watu wazima wenye hela ya kununua kitu unaweza ukasogea chini. Hii inaisaidia miji, na inaisaidia Mbeya jiji kuliko inavyosaidia mikoa mikubwa iliyosambaa, ila sijaona mtu wa mauzo akiisema mbele ya mteja.

Halafu milima. Huku kwetu hesabu yoyote ya soko la redio isiyotaja milima ni ya mtu wa Pwani. FM inasafiri kwa kuonana, mnara na antena ya msikilizaji lazima viwe kama vinaonana, katikati kukiwa na mlima umeisha. Mbeya jiji limekaa bondeni, Mlima Mbeya na Loleza upande mmoja, Uporoto upande mwingine. Mnara ukiuweka upande unaotazama Usangu unaweza kusikika mbali sana kwenye tambarare, huko Igurusi mpaka Rujewa, na wakati huohuo Tukuyu ambayo kwa ramani ni karibu wasikupate kabisa kwa sababu Uporoto imesimama katikati. Kuwapata watu wa Rungwe na Kyela inabidi uwe na mtambo mwingine huko chini, na mtambo ni hela, ni leseni ya masafa, ni umeme, ni mlinzi, ni fundi wa kupanda mvua ikipiga radi. Njombe na Makete ni hivyohivyo, kijiji hiki kinakupata cha pili hakikupati, na ndo maana kule kumekuwa na redio zake zenyewe kama Uplands, Kings, Kitulo. Mlima ndo ulizigawa hizo jamii kwenye masoko madogo kabla hata ya TCRA kuwepo.

Kwa hiyo redio mbili za Mbeya zenye leseni sawa zinaweza kuwa na masoko mawili tofauti kwa sababu ya mahali mnara ulipo, na zote zinamwambia mteja "tunasikika Nyanda za Juu Kusini". Muulize mtu akuonyeshe ramani uone kama hatabadilisha mada.

Turudi kwenye hela, maana nafasi bila hela ni kelele tu. Marekani nafasi kwenye orodha ni kama mlango, mteja mkubwa anasema nanunua masoko hamsini ya kwanza, basi wa hamsini na moja anakosa, hata kama kamzidi wa hamsini kwa kila kitu isipokuwa watu mia tano. Na sheria yao ya umiliki nayo inategemea mstari wa soko: kwenye soko lenye vituo 45 au zaidi kampuni moja inaweza kumiliki mpaka vituo 8, kwenye soko lenye vituo 14 au pungufu mwisho 5. Mwaka 2003 mamlaka yao ya mawasiliano ilipitisha kutumia mistari ileile ya masoko ya Arbitron, sasa ya Nielsen, kuamua hayo, na wakaweka sharti kwamba mipaka ya soko ikibadilishwa huwezi kufaidika na mabadiliko hayo mpaka ipite miaka miwili. Sharti kama hilo haliwekwi hivihivi bwana, waliliweka kwa sababu walijua kuna watu wangechora mstari kwa faida yao.

Kwetu hapa kuna kitu ambacho wamiliki wa redio za mikoani wanakijua ila hakizungumzwi: mji ukikua, redio ya mji huo haipati lazima zaidi. Mbeya ilipokuwa ndogo, redio ya hapa ilikuwa na matangazo ya vifo, minada, mikutano ya injili, duka la pembejeo, shule binafsi, na mteja hakuwa na pa kwenda. Mji ulipokua ukaonekana Dar. Redio kubwa za Dar zikaomba masafa, zikafunga mtambo, sasa zinasikika Mwanjelwa safi kabisa kama ziko Kinondoni. Kampuni ya simu ikinunua spoti moja Dar inasikika na Mbeya humohumo, kwa nini inunue tena ya Mbeya? Watu wameongezeka asilimia 40, ila kama vituo vimeongezeka zaidi ya hapo, fungu la kila mmoja linapungua. Kwa maana hiyo kupanda kwenye orodha kunaweza kukuletea wageni kabla hakujakuletea wateja. Redio ndogo ya Ludewa, ambayo hakuna bosi wa Dar anayeiota, unaweza ukakuta ina amani kuliko ya Mbeya mjini.

Kinachoiokoa redio ya mkoani ni kile ambacho redio ya Dar haiwezi kukisema. Bei ya gunia la viazi leo asubuhi soko la Uyole, barabara ya Kitonga imefungwa roli limelala, maji yatakatika Ghana na Sokomatola mchana, fulani amefariki mazishi kesho saa nane Tukuyu. Mwenye duka la mbegu anataka tangazo lake likae karibu na habari hizo. Na huyo hajali wewe ni soko la tatu au la kumi na mbili, anajali watu wangapi wameingia dukani Jumatatu wakasema tumesikia redioni.

Ndo maana kama ungekuwa unauza matangazo ya redio Mbeya leo, usingeenda na orodha ya mikoa kabisa. Ungechukua ramani, ungezungushia pale mnara unapofika kweli (nenda na gari, washa redio, weka alama inapoanza kukwaruza), halafu ungefungua kitabu cha sensa ujumlishe kata kwa kata zilizo ndani ya duara, Mbalizi ikiwemo, Uyole ikiwemo, Igurusi kama unafika, Tukuyu uitoe kama hufiki. Toa watoto. Ongeza neno kuhusu wanafunzi wa Novemba. Namba utakayoipata haitafanana na ya mkoa wala ya jiji, na mteja akiuliza mbona umeitoa Tukuyu mwonyeshe Uporoto dirishani, siku hiyo kusiwe na ukungu tu.